Sura ya Sita: Stata Hainunuliwi kwa Jina la Gari

Kabla ya lami, gari lililozimika Kaengesa, kwenye uwanda wa Ufipa, lilikuwa limezimika mbali na kila duka la spea. Mkataba wa fedha za Marekani zilizojenga barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ulisainiwa Februari 2008. Miaka yote ya nyuma yake, njia ya kuingia Ufipa kutoka kusini ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na lori lililobeba spea lingeweza kulala njiani siku kadhaa. Mafundi wa uwanda huu wakazoea kulitibu gari kwa viungo vya gari jingine. Injini ya dizeli ilitolewa kwenye Land Rover iliyopinduka, ikaingizwa kwenye Land Rover iliyozaliwa na petroli. Bloku ya trekta la shamba ilihamishiwa kwenye mashine ya kusaga. Geaboksi ilitoka huku, flaiwili kule, na gari likatembea.

Kazi hiyo naiheshimu sana. Bila hiyo, Rukwa ya miaka ya 1970 na 1980 isingefikisha mahindi sokoni. Lakini imetuachia magari ambayo jina la kwenye boneti halielezi kilichomo ndani, na mwenye gari hulipia tofauti hiyo siku stata inapokufa. Anakwenda Sumbawanga mjini, au anaagiza kwa simu Dar es Salaam, anasema anataka stata ya Land Rover. Analetewa stata ya Land Rover kweli. Inafika, inafungwa, na ama bolti hazikutani na matundu, ama inazunguka bila kugusa flaiwili, ama inauma meno mara moja na kuyavunja. Fundi analaumiwa, muuzaji analaumiwa, na stata haina kosa lolote. Ilitengenezwa kwa ajili ya injini nyingine.

Stata hufungwa kwenye injini, hushika flaiwili na hunywa umeme wa betri. Hayo matatu ndiyo yanayoamua stata ipi itafaa. Jina la gari halimo.

Inafaa kwanza kujua magari haya yalifikaje huku juu. Uwanda wa Ufipa una mwinuko wa mita 1,800 hivi, na chini yake upande wa mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, moja ya mazalio makubwa ya nzige wekundu barani Afrika. Mwaka 1949 iliundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Kazi ya kuwafuata nzige kwenye mbuga za Rukwa ilihitaji gari la kupita pasipo na barabara. Misheni za Kanisa Katoliki zilikuwa na mahitaji hayohayo, na idara za serikali vilevile. Land Rover ndogo ya milango miwili na ile ndefu ya inchi 109 zikawa magari ya nchi hii. Baadaye yakaja matrekta ya Massey Ferguson, kisha Toyota Land Cruiser, na hizo ndizo familia ambazo fundi wa Kaengesa atakutana nazo hadi leo kwenye yadi na nyuma ya maghala.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe.

Kwenye bloku ya injini kuna namba za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza imevimba juu ya chuma. Hiyo ilitoka na kalibu siku bloku iliposubiwa, na ni namba ya umbo. Bloku maelfu zilizotoka kwenye kalibu lilelile zinaibeba vilevile. Ya pili imezama ndani ya chuma, imegongwa tarakimu moja moja kwenye sehemu iliyosawazishwa kwa mashine. Hiyo ndiyo namba ya injini, na ni ya injini hiyo peke yake. Kadi ya gari inaandika hii ya pili. Nimekuta watu wameagiza spea kwa namba ya kalibu wakidhani ni namba ya injini, na muuzaji naye akaitafuta kwenye orodha kwa uaminifu mchana kutwa.

Kuisoma namba iliyogongwa kunahitaji subira. Usilete grainda. Hata msasa mkali unaondoa kile unachokitafuta. Loweka grisi kwa mafuta ya taa, usiku mzima ikibidi, kisha sugua kwa brashi ya waya laini wa shaba. Chuma kikauke. Paka chaki juu yake halafu futa kwa kiganja, ili unga ubaki kwenye mashimo tu. Tochi ishike pembeni, mwanga upite ukitambaa juu ya chuma, maana mwanga wa moja kwa moja unafuta vivuli na vivuli ndivyo vinavyosomeka. Kama sehemu ni nyembamba na jicho halifiki, weka karatasi juu ya namba na usugue kwa penseli. Andika ulichokiona kabla hujakitafsiri. Tarakimu 3 na 8 hufanana zikila kutu, na 1 na 7, na herufi B na 8. Ukilazimisha maana mapema, jicho litaona unachokitaka.

Land Rover za Series ndizo zinazojieleza vizuri kuliko zote, na hapa nitakaa kidogo. Series I ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971, na Series III kutoka hapo hadi 1985. Nyingi zilizobaki Ufipa ni IIA na III. Kwenye IIA, namba ya chasisi huanza na tarakimu tatu zinazotaja urefu, mafuta na soko. 241 ni fupi ya inchi 88 ya petroli kwa soko la Uingereza, na 242 ni hiyohiyo kwa nchi za nje zenye usukani wa kulia. 252 ni ndefu ya inchi 109, petroli, nchi za nje, usukani wa kulia. 272 ni fupi ya dizeli na 277 ni ndefu ya dizeli, zote za nje na za usukani wa kulia. Tanganyika iliendesha upande wa kushoto, kwa hiyo 242, 252, 272 na 277 ndizo utakazozikuta zaidi.

Mwisho wa namba kuna herufi moja, A, B, C na kuendelea. Wengi huiacha kwa kuiona ya ziada. Hiyo ndiyo inayomwambia fundi kwamba kiwanda kilibadilisha kitu kinachogusa spea. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja likiishia na B na jingine na D, yanaweza kuhitaji vipuri tofauti. Anayenakili namba bila herufi amenakili nusu.

Tuchukue mfano unaotokea kila mara. Chasisi inaanza na 252. Tunajua gari hili liliondoka kiwandani Solihull likiwa refu na la petroli. Tunafungua boneti na hatuoni kabureta. Kuna pampu ya dizeli na mabomba manne membamba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli. Bloku ya petroli na ya dizeli za lita 2.25 zinafanana mno kwa macho: zote zina sentimita za ujazo 2,286, kipenyo cha silinda milimita 90.47 na mwendo wa pistoni milimita 88.9. Ndiyo maana zilibadilishana magari kwa urahisi. Lakini ya dizeli inabana hewa mara 23, na kuizungusha kunataka nguvu ambayo stata ya petroli haina. Kiwanda kiliipa injini ya petroli stata nyepesi ya kurusha bendeksi, yaani kigia kinachojirusha chenyewe kwenye meno ya flaiwili, na ile ya dizeli kikaipa stata nene yenye solenoidi mgongoni. Kwa hiyo kadi na chasisi vinasema petroli, injini inasema dizeli, na stata lazima iifuate injini. Na bado hujamaliza, kwa sababu aliyefanya upandikizaji huenda alibakiza flaiwili ya zamani. Hilo tutalifikia.

Namba ya injini yenyewe, kwenye Land Rover za baadaye, huanza na alama fupi. 12J ni dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo, 19J ni ya lita 2.5 yenye tabo. Ukiikuta 19J ndani ya Series IIA usishangae. Ufipa imeona mengi kuliko hayo.

Perkins wana utaratibu unaofurahisha zaidi, kwa kuwa jina la injini ni kipimo chake. Kampuni hiyo ilianzishwa na Frank Perkins mjini Peterborough mwaka 1932, na injini zake zikaingia kwenye matrekta, magari, boti na mashine za kufua umeme duniani kote. 3.152 maana yake ni silinda tatu, ujazo wa inchi 152, yaani lita 2.5 hivi. 4.236 ni silinda nne, inchi 236, lita 3.9 hivi. 6.354 ni silinda sita, lita 5.8. Massey Ferguson 135, trekta lililotoka katikati ya miaka ya 1960 na likalima nusu ya Afrika Mashariki, linabeba 3.152.

Kuanzia 1974 Perkins waligonga namba ndefu yenye vipande vitano. Herufi mbili za mwanzo ni familia: CE ni ya 3.152, LD ni ya 4.236. Zinafuata tarakimu tano za orodha ya vipuri ambavyo injini hiyo ilijengewa. Kisha herufi ya nchi, U ikiwa ya Uingereza. Kisha namba ya mfululizo, na mwisho herufi ya mwaka: A ni 1974, B ni 1975, ukienda hivyo H ni 1981. Ile orodha ya tarakimu tano ndiyo hazina. Injini mbili za 3.152, moja ya trekta na moja ya mashine ya maji, zinaweza kuwa na flaiwili tofauti, na tarakimu hizo ndizo zinazozitofautisha. Mpe muuzaji makini namba nzima naye atajua stata, flaiwili na pampu. Mwambie "Perkins ya silinda tatu" na unamlazimisha akisie.

Toyota ni rahisi. Namba ya mbele ni kizazi, herufi ni familia, hivyo 2F ni injini ya pili ya familia F. Jina la gari nalo linaanza na injini: FJ40 ni injini ya F ndani ya Land Cruiser, BJ40 ni ya B ambayo ni dizeli ya silinda nne, HJ47 ni ya H ambayo ni dizeli ya silinda sita. Tatizo la Toyota ni volti. Land Cruiser za dizeli nyingine zilitoka na mfumo wa volti 12 na nyingine wa volti 24, na stata zake kwa nje zinafanana. Soma kibati.

Mashine za kusaga za Lister, za Dursley huko Uingereza, niziguse tu kwa kuwa nyingi hazikuwahi kuwa na stata; huzungushwa kwa mkono baada ya kufungua mgandamizo. Kibati cha 6/1 kinasema nguvu farasi 6 na silinda 1. Nakala zake zilitengenezwa kwa wingi Rajkot, nchini India, na zimeenea vijijini kwetu. Zinafanya kazi vizuri, ila usiagize kipuri kwa namba ya Dursley kabla ya kupima.

Stata nayo ina namba zake, na ndizo zinazosahaulika zaidi. Lucas, aliyezipa magari ya Uingereza umeme, aliandika kipenyo cha stata kwenye jina. M35G ina kipenyo cha inchi 3.5, M418G cha inchi 4 na moja ya nane, M45G cha inchi 4.5. Petroli ya Land Rover ilitumia M418G, dizeli ikatumia familia ya M45G. Juu ya ganda kuna pia tarehe. Kwenye stata za miaka ya 1950 utakuta mwezi na mwaka, mathalani 6 58 ikiwa Juni 1958. Baadaye Lucas waligonga juma na mwaka, hivyo 37 71 ni juma la 37 la mwaka 1971. Namba ya kwanza ikizidi 12, huo hauwezi kuwa mwezi. Tarehe hiyo inafaa hata kwa anayetaka kujua kama gari ni la asili: stata, dainamo na distribyuta zikiwa na tarehe za miezi michache kabla ya gari kujengwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazijawahi kubadilishwa.

Bosch wa zamani waliandika kila kitu kwa mpigo. Kwenye stata ya Volkswagen ya kobe utasoma EED 0.5/6 L4. Sifuri nukta tano ni nguvu farasi, 6 ni volti, na L ni mwelekeo wa kushoto. R ingekuwa kulia. Bosch za baadaye hubeba namba ya tarakimu kumi inayoanza na 0 001. Nippondenso, wa Toyota, huandika volti na kilowati wazi kwenye kibati.

Mwelekeo wa kuzunguka unastahili kueleweka, kwa kuwa ukiuelewa hutahitaji orodha. Simama mbele ya gari utazame puli ya krenki. Injini zote za magari na matrekta nilizozitaja hapa, ukizitazama kutoka upande wa puli, huzunguka kwa mwelekeo wa saa. Gia mbili zinazoumana kwa nje huzunguka kinyume, kwa hiyo kigia cha stata lazima kizunguke kinyume cha flaiwili. Stata ikiwa imelala ubavuni mwa injini na pua yake inatazama nyuma, ukiishika mkononi na kuitazama kigia usoni, kitazunguka kama saa. Ikiwa imefungwa upande wa geaboksi na pua yake inaelekea kwenye puli, kama ya Volkswagen, kitazunguka kinyume cha saa. Ndiyo ile L ya Bosch. Stata ya kushoto ikifungwa mahali pa stata ya kulia haitakuwa dhaifu tu. Ni stata isiyofaa kabisa, hata kama bolti zote zimeingia.

Watu huuliza kama kugeuza nyaya za betri kutageuza mwelekeo. Land Rover za zamani, hadi miaka ya 1960 inayoelekea mwisho, zilifunga chanya kwenye bodi, na mafundi wengi wamezibadilisha ziwe hasi kama magari ya leo. Stata ya Lucas ya zamani haitajali. Sumaku yake inatokana na nyaya zilizoviringishwa ndani, na umeme ukigeuzwa unageuka kwenye nyaya za ganda na za amicha kwa pamoja, hivyo mzunguko unabaki uleule. Stata nyepesi za kisasa zina sumaku za kudumu, na hizo zitageuka. Ukiifunga kwenye gari ambalo bado lina chanya kwenye bodi, itavuma bila kugeuza injini. Kuzitambua ni rahisi: ganda la stata ya nyaya lina skrubu kubwa za kushikilia nguzo za sumaku, na ganda la stata ya sumaku za kudumu ni laini, halina skrubu hizo, na stata yenyewe ni nyepesi. Hii ya pili usiigonge kwa nyundo kama tulivyozoea. Kwenye ya nyaya, nyundo hushtua brashi zilizochakaa na kukupa safari moja zaidi. Kwenye ya sumaku, unazipasua sumaku.

Sasa flaiwili. Kabla ya kuagiza stata, toa ya zamani na uchungulie kwenye tundu. Zungusha injini kwa mkono ukihesabu meno yote ya ringi ya flaiwili, ukiwa umetia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. Hesabu meno ya kigia cha stata. Kisha pitisha kidole kwenye ncha za meno ya ringi. Upande mmoja utakuwa umechongwa mshazari, ili kigia kiingie bila kugonga. Upande huo unakuonyesha stata inatakiwa kuingilia wapi. Stata za kurusha bendeksi nyingine hukaa ng'ambo ya ringi na kurudi kuelekea kwenye mota, nyingine hutoka kwenye mota kwenda mbele. Stata yenye solenoidi husukuma kigia kutoka kwenye mota. Ukibadilisha aina ya stata bila kuangalia mshazari, kigia kitakuwa kinagonga kwenye kingo kavu, na utasikia mlio kila asubuhi hadi meno yaishe.

Pima nafasi kati ya kigia kilichotulia na ringi. Kwa stata ya kurusha, milimita 3 hivi zinatosha. Ikigusa, itasaga wakati injini inanguruma. Kigia kikishaingia, lazima kibaki na mchezo kidogo kati ya meno na meno. Kikibana sana kinalia na kukataa kutoka. Kikilegea mno kinauma ncha tu. Pima pia kipenyo cha pua, umbali kati ya bolti na idadi yake. Peleka vipimo hivyo dukani pamoja na stata ya zamani, hata kama imekufa. Stata iliyokufa ni kielelezo bora kuliko picha yoyote.

Ringi ikiwa imelika, tazama imelika wapi. Injini haisimami popote inapozimwa. Inasimama pistoni mojawapo inapokataa kubana hewa, na kwa hiyo stata huuma meno yaleyale kila siku. Injini ya silinda nne hulika sehemu mbili zinazotazamana. Ya silinda tatu na ya sita hulika sehemu tatu. Kati ya sehemu hizo meno yanakuwa karibu mapya, na humo ndimo ulimo uokozi wa fundi aliye mbali na duka. Ringi nyingi zimeshikwa kwenye flaiwili kwa kubanwa tu. Ipashe moto, itanuke, itoke, uizungushe na kuirudisha. Kwa silinda nne izungushe robo ya mduara. Wapo wanaoizungusha nusu, na hapo sehemu mbovu inakwenda kukaa palepale ilipokuwa mbovu mwenzake. Kwa silinda tatu au sita, zungusha moja ya sita ya mduara. Mshazari ubaki ukitazama ulikokuwa ukitazama.

Moto wa kazi hii ni wa kupimwa kwa jicho. Safisha sehemu ya chuma hadi ing'ae, pasha ringi kwa usawa pande zote, na usubiri rangi ya majani makavu, ambayo ni nyuzi 220 hadi 240 hivi za Selsiasi. Ikiingia bluu umekaribia 300 na unaanza kulainisha meno. Ringi ya kipenyo cha milimita 350 ikipanda nyuzi 200 inatanuka karibu milimita 0.8, na hiyo inatosha kuivalisha bila kuipiga. Iache ipoe yenyewe. Maji yanaipasua. Makaa yanatosha kabisa kwa joto hili, na hii ni nchi ambayo Wafipa waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kwa malungu, matanuru ya udongo yenye urefu wa mita tatu hivi yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kililetwa kwenye joto kubwa kuliko hili hapa uwandani vizazi vingi kabla ya Land Rover ya kwanza.

Bendeksi ya stata ya kurusha usiitie grisi wala oili. Najua mkono unaita grisi kila unapoona chuma kinachoteleza juu ya chuma. Lakini vumbi la Ufipa likikutana na mafuta pale linakuwa gundi, na kigia kinakwama nusu ya njia. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, iteleze ikiwa kavu.

Baridi ndiyo inayozipima kazi zote hizi. Asubuhi za Juni na Julai oili inakuwa nzito, betri inakuwa dhaifu, na katika mita 1,800 hewa ina mgandamizo wa takriban asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo huku inaanza na upungufu ambao mwenzake wa Tanga haujui. Stata inayogeuza injini polepole, ambayo Dar es Salaam ingetosha, Kaengesa haiwashi. Ndiyo sababu namshauri mwenye dizeli asikubali stata ya petroli "inayoingia". Itaingia, na itamwangusha Julai.

Na kabla ya kuihukumu stata, pima nyaya. Weka multimita kati ya nguzo ya hasi ya betri na ganda la stata, mwenzako apige selfu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Injini ya Land Rover imekalia mipira, na bila utepe mzito wa ethi kutoka kwenye injini hadi kwenye chasisi, umeme wote wa stata utatafuta njia kupitia kebo nyembamba kama ya choki, na utaichoma. Kwaruza rangi na kutu hadi chuma cheupe, kaza, ndipo upake grisi juu. Stata nyingi zilizotupwa zilikuwa nzima.

Betri ikikataa kabisa, Series zina tundu la hendeli mbele. Kabla ya stata ya umeme ya Charles Kettering kuingia kwenye Cadillac za mwaka 1912, magari mengi ya injini yaliwashwa hivyo, na injini iliyorudi nyuma ilivunja mikono. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli. Vuta juu, usisukume chini. Dizeli ya mgandamizo wa mara 23 usiijaribu kabisa.

Kazi ikikamilika na injini ikawa si ile iliyoandikwa kwenye kadi, peleka namba mpya ikaandikishwe. Asikushawishi mtu kufuta namba ya bloku na kugonga ile ya kwenye kadi ili mambo yalingane. Nyundo inaposhuka, chuma hubanwa hadi chini ya mfereji unaoonekana, na wachunguzi wa polisi wana tindikali zinazorudisha namba iliyosawazishwa. Zaidi ya sheria, umemnyima fundi atakayefuata njia ya kujua ni stata gani ataagiza. Andika kwenye daftari la gari: namba ya chasisi na herufi yake ya mwisho, namba ya injini kama ilivyogongwa, meno ya ringi, meno ya kigia, mwelekeo, volti, na namba ya stata uliyoifunga na tarehe yake. Daftari hilo likae ndani ya gari, chini ya kiti, kwenye mfuko wa nailoni.